Nani Kavaa Maleba? Kuhusu Filamu ya Mashimo ya Mfalme Sulemani ya 1950

Katika semina yetu ya nadharia za uhakiki muhula uliopita, hoja moja ilipita karibu bila kupingwa: kwamba zile filamu za zamani za Hollywood, zenye mapanga, majoho, ngamia na malkia wa kubuni, ni taka za kibeberu, na mhakiki makini wa fasihi hana sababu ya kuzipotezea muda. Makala haya yanakusudia kuijibu hoja hiyo. Sikusudii kuzitetea filamu zenyewe. Hazihitaji wakili, kwani faida yake ilishaliwa zamani. Ninachodai ni kwamba mojawapo, King Solomon's Mines ya mwaka 1950, ina watu wa huku kwetu ndani yake, na tukiitupa jalalani tunawatupa na wao.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Utanzu huu una kanuni chache, kama ngano. Panatakiwa nchi ya mbali na wakati wa kale, kiasi kwamba mtazamaji wa Chicago asiwe na maswali. Panatakiwa steringi ambaye, kama tunavyojua sote tuliokulia kwenye mabanda ya video, hafi. Panatakiwa mwanamke wa kuokolewa, adui mwenye cheo, hazina au kiti cha enzi, na maleba mengi. Maleba ndiyo roho ya kazi. Captain Blood (1935) na The Adventures of Robin Hood (1938), zote mbili za Errol Flynn, ukizivua maleba hazibaki na kitu zaidi ya watu wa California wanaorukaruka kwenye ngazi. Nasema hivi bila dharau. Ile ya Robin Hood naipenda, na muziki wa Korngold ndani yake unaweza kumfanya hata bibi wa miaka themanini atafute panga. Lakini Uingereza ile ya karne ya 12 ilijengwa Marekani, na hakuna Mwingereza wa karne ya 12 aliyekuwapo kulalamika kwamba amechorwa vibaya. Mchezo ni mchezo.

Mambo hubadilika pale nchi ya mbali inapokuwa na wenyewe, wenyewe wako hai, na wanaitwa waje wapigwe picha.

Riwaya iliyozaa filamu hii tunaijua. H. Rider Haggard aliichapisha mwaka 1885, miezi michache baada ya wakubwa wa Ulaya kumaliza mkutano wao wa Berlin. Frederick Johnson aliitafsiri kwa Kiswahili ikatoka mwaka 1929 kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, na mwaka uliofuata yeye mwenyewe akawa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyosanifisha Kiswahili tunachofanyia mitihani leo. Hebu litazame neno "mashimo". Machimbo yana utajiri, lakini shimo ni shimo tu, mtu huchimba la taka na la choo. Sijui kama Johnson alikusudia hivyo, ila jina la Kiswahili limelitoboa puto la Haggard kabla hujafungua ukurasa wa kwanza. Mwaka huohuo wa 1929 mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson alikuwa akichimba katika magofu ya Zimbabwe Kuu, na hitimisho lake likawa kwamba waliojenga kuta zile ni Waafrika. Yaani mtoto wa shule wa Tanganyika aliletewa, kwa Kiswahili safi, hadithi ya utajiri wa Afrika uliochimbwa na wageni wa kale, mwaka uleule ambao ardhi yenyewe ilikuwa inatoa ushahidi kinyume.

Sasa filamu. Kampuni ya MGM ilituma kikosi chake Afrika mwaka 1949, kikapiga picha Kenya, Uganda, Tanganyika, Kongo na Rwanda. Waongozaji wanaotajwa ni wawili, Compton Bennett na Andrew Marton. Mpigapicha, Robert Surtees, alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hii, na wahariri nao wakapata yao. Hadithi imewekwa mwaka 1897. Allan Quatermain (Stewart Granger), mwindaji aliyechoka kuongoza matajiri porini, anaajiriwa na mama mmoja Mwingereza, Elizabeth Curtis (Deborah Kerr), amtafutie mumewe aliyepotea akisaka mashimo yale. Kaka yake mama huyo anafuatana nao. Njiani anajiunga Umbopa, mtu mrefu, mkimya, asiyeeleza anakokwenda. Wanavuka nyika inayowaka moto, jangwa na milima yenye theluji, wakafika nchi ambako Umbopa anajulikana kuwa ndiye mrithi halali wa kiti alichonyang'anywa na Twala. Mengine mnayajua: pango, mlango wa jiwe, mifupa ya mume, vita, heri ya mwisho. Pango lenyewe, kwa taarifa yenu, ni mapango ya Carlsbad huko New Mexico. Yaani hazina ya Afrika ililala Marekani tangu mwanzo.

Kifani, nusu ya kwanza ina nguvu ambayo sikuitarajia. Surtees haharakishi. Tembo wanapomzunguka mwenzao aliyeanguka wakijaribu kumwinua, kamera inakaa pale mpaka mtazamaji anaanza kuona haya. Mapenzi ya Granger na Kerr, kwa upande mwingine, ni ya kadi za sikukuu, tuyapite. Kuna tukio maarufu ambamo Elizabeth anajikata nywele kwa mkasi porini, anaziosha bwawani, na zinatoka zimetengenezwa kama katoka saluni. Tulipoitazama bwenini kwenye kompyuta ya mwenzetu, kicheko kilisikika chumba cha pili.

Lakini kicheko hicho ndicho kilichonifungulia mlango. Vazi la Elizabeth ni maleba halisi. Walitengenezewa na Walter Plunkett, yuleyule aliyebuni mavazi ya Gone with the Wind, na safari nzima ni ya mwanamke anayevuliwa karne ya 19 kipande kwa kipande. Gauni zito linakwenda, kisha nywele, kisha aibu. Maleba yake yana historia na yana mabadiliko. Je, wale wachezaji wa kifalme wa Rwanda wanaojaza nusu saa ya mwisho, nani aliwabunia maleba? Hakuna. Manyoya yale ya kichwani yanayorushwa kama mawimbi, njuga za miguuni, nywele zilizonyolewa kwa mtindo wa amasunzu, ni vitu vyao. Walikuja navyo kutoka nyumbani. Wazungu wamevaa 1897, Wanyarwanda wamevaa sherehe ya 1949, na filamu inatuambia kwamba hizo ni siku moja. Hapa ndipo penye kiini cha itikadi ya kazi hii, na hapahitaji matusi kupaeleza: Mzungu ndani ya utanzu huu huvaa historia na kuivua jioni, na Mwafrika hufanywa historia yenyewe, hana cha kuvua.

Ushahidi upo ndani ya filamu, kwenye orodha ya majina. Umbopa anachezwa na mtu anayetajwa kwa jina moja tu, Siriaque. Twala ni Baziga. Gagool ni Sekaryongo. Khiva, mtumishi mwaminifu wa Quatermain, ni Kimursi. Kimursi anaelezwa kuwa wa kabila la Wakipsigis, hao wengine watatu Watutsi. Stewart Granger haelezwi kabila lake. Lakini lisome tena jina la nyota yetu: Siriaque. Kwa sikio langu hilo ni jina la Kikristo, Cyriaque, jina la mtakatifu kwa matamshi ya Kifaransa. Mtu anayetuchezea mwana wa mfalme wa nchi ambayo "haijawahi kufikiwa" anabeba jina la ubatizo. Na kwa nini asibebe? Mwaka 1949 Rwanda ilikuwa chini ya Wabelgiji, mfalme wake, Mutara Rudahigwa, alikuwa amebatizwa tangu 1943, na mwaka 1946 alikuwa ameikabidhi nchi yake kwa Kristo Mfalme. Filamu nzima inajitahidi kutuaminisha kwamba watu hawa hawajasikia habari za dunia, na orodha ya majina inaropoka siri.

Nije kwenye mabadiliko ya hadithi, maana hapa ndipo wenzangu wa "taka za kibeberu" wanapopata shida kidogo. Katika riwaya ya Haggard, pambano la mwisho na Twala analipigana Sir Henry Curtis, Mwingereza, na ni yeye anayemkata mfalme kichwa. Ignosi, yaani Umbopa, anapokea kiti kama mtu anayepokea chenji. Katika filamu Curtis huyo hayupo kabisa, na pambano ni la Umbopa na Twala, wao kwa wao, kwa silaha zao, mbele ya watu wao. Steringi kakaa pembeni anatazama! Kwa utanzu huu hilo si jambo dogo. Na pambano si zuri kwa maana ya mapanga ya Flynn. Ni zito, lina kusuasua, wanaume wawili wanaogopa kufa. Ndiyo maana linaaminika.

Lakini mkono uliotoa ndio ulionyang'anya. Haggard, pamoja na madhambi yake yote, aliweka katika riwaya ile wanawake wawili wa Kiafrika wenye uzito: Foulata, anayempenda Kapteni Good, na Gagool, kikongwe anayejua mengi kuliko wanaume wote kwenye kitabu. Filamu imemfuta Foulata, imemgeuza Gagool kuwa mwanamume, kisha ikaingiza mwanamke mweupe katika safari ambayo Haggard aliiandika bila mwanamke wa Kizungu. Sielewi kwa nini wahakiki wengi wanaishia kwenye "kuongezwa kwa mapenzi" kana kwamba ni sukari tu kwenye chai. Ni kuhamishwa kwa nafasi nzima ya mwanamke.

Na laiti waandaaji wangewauliza wenyeji wao! Filamu imewekwa 1897 na inahusu kiti cha enzi kilichonyakuliwa. Katika Rwanda ya kweli, mfalme Rwabugiri alifariki mwaka 1895, akamrithi mwanawe Rutarindwa. Mwaka 1896, mahali paitwapo Rucunshu, Rutarindwa aliangushwa na kufa katika mapinduzi ya ndani ya ikulu, na Musinga, aliyekuwa kijana mdogo, akawekwa kitini. Aliyekuwa nyuma ya mapinduzi hayo, pamoja na kaka zake, ni mwanamke: Kanjogera, mama yake Musinga. Mwaka uliofuata, 1897 ileile ya filamu, Mjerumani Ramsay akafika na msafara wake kwenye ikulu hiyo. Musinga alitawala mpaka Wabelgiji walipomwondoa mwaka 1931, akafia uhamishoni Kongo mwaka 1944. Aliyewekwa badala yake ni mwanawe, Rudahigwa, ambaye wachezaji wa nchi yake ndio hao tunaowaona.

Fikiria hapo, ndugu msomaji. Kikosi cha MGM kilitua katika nchi ambayo wazee wake walikuwa na kumbukumbu ya vita halisi vya kiti cha enzi, vya mwaka mmoja tu kabla ya ule walioutaka, vikiwa na mwanamke mwenye nguvu na siri katikati yake, na Mzungu akibisha hodi mlangoni. Wao wakafungua begi, wakatoa hadithi waliyokuja nayo kutoka London kupitia California, wakawavika. Siwalaumu kwa kukosa ubinadamu kwanza. Nawalaumu kwa ufundi. Hadithi bora ilikuwa imekaa mita chache kutoka kwenye kamera, imeshika mkuki, inasubiri kuambiwa isimame wapi.

Kuhusu lugha nitasema machache, ingawa najua walimu wa isimu watataka zaidi. Quatermain wa kitabuni huongea Kizulu. Quatermain wa 1950 huongea na wapagazi wake Kiswahili, na mara nyingi hatafsiriwi. Mtazamaji wa New York alisikia kelele za porini. Sisi tunasikia maneno. Ni Kiswahili cha setla, chenye vitenzi vya kuamrisha na ngeli zilizovunjika miguu, na Granger anakitamka kama mtu anayetafuna karanga za moto. Ila kinapotoka kinywani mwa Kimursi kinapoa, kinakuwa lugha ya mtu mzima. Kimursi hapewi maneno mengi. Anauawa kwa risasi ya Van Brun, yule Mzungu mtoro, na filamu inamlilia kwa dakika moja kisha inaendelea na safari. Kwangu mimi yeye ndiye mwigizaji bora wa nusu ya kwanza, na sitashangaa nikipingwa.

Jambo lingine ambalo halisemwi vya kutosha: filamu hii haina muziki wa okestra uliotungwa kuongoza machozi ya mtazamaji. Kwa utanzu uliozoea Korngold, huo ni uamuzi wa ajabu. Badala yake kuna ngoma na nyimbo za wenyeji. Kwa hiyo wale ambao filamu inawanyima historia, majina kamili na wanawake, ndio hao hao wanaobeba sauti yake yote ya kisanii. Ukizima sauti, inabaki albamu nzuri ya picha za utalii.

Kuna anayeweza kuuliza: kwani ilikuwa lazima wakubali? Swali la kuvaa maleba ya mwingine tunalo hata nyumbani. Paul Robeson, aliyecheza Umbopa katika filamu ya kwanza ya sauti ya riwaya hii mwaka 1937, alikuwa miaka miwili kabla yake amecheza Sanders of the River, filamu ambayo baadaye aliikana kwa kuwa iligeuzwa kuwa sifa kwa ukoloni. Miongoni mwa waigizaji wadogo wa Sanders alikuwamo Jomo Kenyatta, akiwa London, mtu wa masomo na siasa, akilipwa kuvaa kama mtu wa porini. Mwaka 1938 mtu huyohuyo alitoa kitabu chake Facing Mount Kenya, na ndani yake kuna picha yake akiwa amevaa ngozi na kushika mkuki. Mwili ni uleule, vazi karibu lilelile. Tofauti ni nani alimwambia asimame vile, na maneno ya nani yanafuata ukurasa wa pili. Ndiyo maana siwezi kukubali uhakiki unaoishia kuhesabu ngozi na mikuki.

Linganisha pia na Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, mwaka mmoja tu baada ya filamu. Nayo ni nchi isiyo kwenye ramani, nayo ina safari za mbali na hatari za kutosha kujaza sinema. Msafiri wa Haggard hurudi na almasi mifukoni, akanunua nyumba Uingereza. Wajumbe wa Kusadikika hurudi na ushauri wa kuitengeneza nchi, wakatupwa gerezani. Sijui kwa nini hakuna aliyewahi kuifanya filamu ya vituko. Farasi na majoho vinaweza kupatikana.

Nimalizie na yaliyofuata, kwa sababu filamu hii haikufa. MGM ilikuwa imebaki na picha nyingi, ikazitumia tena na tena. Mwaka 1959 ilitoa nyingine iitwayo Watusi, ikiwa na Wazungu wapya na sehemu kubwa ya Afrika ileile ya 1950 imeshonewa humo. Novemba mwaka huohuo, 1959, nyumba zilikuwa zinachomwa Rwanda, Watutsi kwa maelfu wakikimbilia nchi jirani, ikiwamo Tanganyika. Sinema zikaendelea kuonyesha wanaume warefu wakiruka juani, watu wasio na majirani. Maana ndani ya King Solomon's Mines hakuna Mhutu, hakuna Mtwa, hakuna Mbelgiji. Watutsi wanatokea ng'ambo ya jangwa na theluji kama viumbe walioshuka kutoka pengine. Dhana ya kwamba watu hawa si wa hapa, kwamba walitoka kaskazini, ilianzishwa na wasomi na wamisionari kabla ya sinema, na haikuhitaji Hollywood ili iue. Léon Mugesera alipowaambia watu, Novemba 1992, kwamba Watutsi warudishwe Ethiopia kupitia mto Nyabarongo, hakuwa amejifunza kwa Stewart Granger. Lakini sinema iliipa dhana hiyo miili, rangi na uzuri, ikaisambaza dunia nzima kwa bei ya tiketi.

Kwa hiyo mwenzangu anaposema "tuitupe", mimi namuuliza: na sauti ya Siriaque unaipeleka wapi? Mmoja wa tuliotazama nao bwenini ni mtoto wa Ngara, na Kihangaza chake kiko karibu na Kirundi na Kinyarwanda. Tulipofika ikulu ya Twala aliomba turudishe nyuma, akaomba tena, akachukua daftari. Tangu siku hiyo anaandika maneno ya nyimbo zile, mstari kwa mstari, na kila anapokwama anampelekea mama mmoja wa Butare anayeuza vitambaa hapa mjini. Butare ndiyo Astrida ya wakati ule, mojawapo ya sehemu zilikopigwa picha hizo. Wamefika wimbo wa pili.